Amana ya Watoto na Mlango wa Simu

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuneemesha kwa watoto, akawafanya ni pambo la maisha haya na ni amana tutakayoulizwa kesho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyembeba mjukuu wake Umama mabegani hali yumo katika Sala, na ziwafikie Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, maneno haya niliyasema kwanza katika darasa yetu hapa Chekalini, baada ya Sala ya Isha, mbele ya wazazi wachache. Wenzangu wa darasa wameniomba niyaandike ili yawafikie ndugu zetu wa mwambao, wa Lamu na Malindi, wa Mombasa na Tanga na Unguja, kwani jambo lenyewe si la huku petu peke yake. Nayaandika nami nimeingiwa na haya, kwa sababu sehemu yake ni kosa langu mimi mwenyewe.

Chekalini ni mahali padogo katika Lugari, jimbo la Kakamega, nchi ya mahindi. Waislamu wa hapa si wengi. Ndugu wa pwani wanaotuzuru hudhani kwamba mtoto wa huku yu mbali na fitina za miji mikubwa. Zamani dhana hiyo ilikuwa na sehemu ya ukweli, kwani fitina ilihitaji miguu: mtu mbaya alikuwa hana budi apande gari, ashuke kituoni, aonekane na watu, aulizwe yeye ni nani na amefuata nini. Leo haihitaji miguu. Simu iliyo mkononi mwa mtoto wa Chekalini ni ile ile iliyo mkononi mwa mtoto wa Kibokoni, na mtu mbaya aliye ng'ambo ya bahari yu karibu nao wote wawili sawasawa. Huingia nyumbani mwetu bila ya kubisha hodi, na sisi tumeketi barazani twanywa kahawa.

Kisa kilichonizindua

Nitaeleza yaliyotokea, wala sitataja jina la mtu wala alama ya kumjulisha.

Siku moja, kabla ya kuanza masomo ya jioni, alinijia mwanafunzi wa miaka kumi, ameshika simu ya mama yake. Akaniambia, "Maalim, nataka kukuonyesha kitu." Nikatazama, nikaona picha ya uchafu. Sikumwuliza imetoka wapi. Sikumwuliza aliyeileta ni nani. Nilimnyang'anya simu ile, nikamkaripia mbele ya wenzake wote, nikamwita jina ambalo mwalimu hapaswi kumwita mtoto wa watu, kisha nikamwita mama yake nikamwambia kuwa malezi yake yameharibika. Usiku ule nililala radhi na nafsi yangu, nikidhani kuwa nimekataza munkari.

Zikapita wiki kadhaa. Msichana mmoja wa miaka kumi na miwili, mwenye bidii na hifadhi nzuri, akaacha kuja chuoni. Tukaambiwa anaumwa. Kumbe maradhi yake yalikuwa khofu. Alikuwa akicheza mchezo fulani wa simu unaowakutanisha watoto wa nchi mbalimbali, akazungumza humo na mtu aliyejiita msichana wa rika lake. Urafiki ukaota. Yule "msichana" akaomba picha ya uso wake, akapewa. Akaomba nyingine, kisha nyingine isiyofaa, na mtoto kwa ujinga wa utoto akaipeleka. Hapo sura ikageuka. Akaambiwa, "Usipotuma zaidi, picha hii nitampelekea baba yako na mwalimu wako." Mtoto yule alikaa na mzigo huo peke yake, halali usiku, hali chakula, mpaka bibi yake alipomkalisha na kumbembeleza, akalia, akasema.

Bibi yake akamwuliza, "Mbona hukumwendea Maalim wako akusaidie?" Akajibu, "Nilimwona alivyomfanya yule mwenzetu."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinipiga kuliko fimbo. Nikamwendea yule kijana wa kwanza nikamwuliza kwa upole yale niliyopasiwa kumwuliza siku ile. Akaniambia kuwa picha ile aliletewa na mtu asiyemjua, naye aliogopa mama yake asije akaiona akadhani ni yeye aliyeitafuta, ndipo akaja kwangu nimwonyeshe namna ya kuiondoa. Mtoto alikuja kuomba msaada, nami nikampa fedheha. Na kwa fedheha ile niliwafunza watoto wote waliokuwapo kuwa atakayepatwa na shari, afiche. Nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake wale wale, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Amri iliyo juu yetu

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Tahrim, aya ya 6, tuzikinge nafsi zetu na watu wetu na Moto. Hakusema tuzikinge nafsi zetu tu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga: mwanamume kwa watu wa nyumba yake, na mwanamke kwa nyumba ya mumewe na watoto wake. Mchunga hasemi, "Mimi niliwapa kondoo majani ya kutosha." Huulizwa pia, "Fisi alipitia wapi?"

Imepokewa tena na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alituamuru, giza la usiku linapoingia, tuwazuie watoto wetu wasitoke nje, kwa kuwa mashetani hutawanyika wakati huo, na tufunge milango hali tunataja jina la Mwenyezi Mungu. Wazee wetu waliifuata amri hii vizuri; Magharibi ikiadhiniwa, kila mama alikuwa akiita wanawe waingie ndani. Sisi nasi twawaita waingie, twafunga mlango kwa komeo, kisha twampa mtoto simu aende nayo kitandani. Tumefunga mlango mmoja wa mbao na kumfungulia mlango mwingine unaotokea kwenye dunia nzima. Mtoto huyo hayumo ndani, ingawa mwili wake umejifunika shuka.

Tazameni pia Surat Nuur, aya ya 58. Mwenyezi Mungu amewataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa wao nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Kwa nini, ilhali mtoto hana dhambi? Ni kwa sababu jicho la mtoto lina heshima yake, na liko ambalo halifai kuliona kabla ya wakati wake. Ikiwa Mola wetu amelilinda jicho la mtoto lisione hata hali ya halali ya wazazi wake, vipi sisi tuliachie lione haramu ya ulimwengu wote?

Makundi matatu yaliyokosea

Katika jambo hili watu wetu wamegawanyika, na makundi matatu miongoni mwao hayakupata njia.

Kundi la kwanza lasema kuwa simu ni haramu, ivunjwe. Hawa wamesahau kuwa chombo hufuata mkono wa mwenye kukitumia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932 kule Mombasa, hakuogopa gazeti kwa kuwa wengine walikuwa wakilitumia kwa upuuzi. Alilichukua akalitia elimu. Leo mtoto hupata masomo ya shule kwa simu, na husikiliza Kurani kwa simu. Shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpaka zilipofunguliwa kwa watoto wote Januari 2021, watoto wengi walisomeshwa kwa njia hiyo, na ndipo simu zilipozoeleka mikononi mwao. Mtoto aliyekatazwa kabisa nyumbani ataishika kwa jirani, na huko hana wa kumwongoza.

Kundi la pili lasema, "Watoto wa siku hizi wanajua kuliko sisi." Huu ni uvivu uliovishwa kanzu ya unyenyekevu. Mtoto ajua kubonyeza, hajui watu. Wewe umeishi miaka arubaini, umemwona mwongo na mnafiki na mwenye maneno matamu, na elimu hiyo ya watu ndiyo anayoihitaji mwanao. Usiyoyajua ya simu waweza kufundishwa kwa jioni moja.

Kundi la tatu humvisha mtoto hirizi shingoni ili asipatwe na jicho la hasidi, kisha baba huyo huyo huchukua picha ya mtoto, na jina lake, na sare ya shule yake, akaitangaza kwa watu elfu asiowajua. Amejikinga kwa uzi na karatasi, akaacha sababu ambazo Mwenyezi Mungu amemwamrisha azishike. Kinga ya Muislamu ni dua pamoja na kufunga mlango. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwamuru amfunge kisha ategemee kwa Mola wake, Hadithi hii ameipokea Tirmidhi.

Hatari zenyewe

Hatari za mtandao kwa mtoto mdogo, ukizikusanya, ni za namna tatu.

Ya kwanza ni kile kinachomjia: picha za uchafu, mauaji, kamari, na maneno ya matusi. Mara nyingi mtoto hakukitafuta. Mitambo ya kampuni hizi imepangwa imwonyeshe mtu video baada ya video bila ya kikomo, na moja huvuta nyingine.

Ya pili ni yule anayemjia: mtu aliyejificha nyuma ya jina na picha isiyo yake. Njia yake karibu siku zote ni moja. Huanza kwa sifa na zawadi, kisha humtenga mtoto na wakubwa wake, kisha huomba siri, na akiipata siri huifanya kamba ya kumfungia. Wala msidhani kuwa ni wageni peke yao. Utafiti uliofanywa Kenya na UNICEF, ECPAT na Interpol, na kutolewa mwaka wa 2021, ulionyesha kuwa wengi waliowadhuru watoto kwa njia ya mtandao walikuwa watu ambao watoto wale waliwajua, na kwamba ni wachache sana waliopeleka habari kwa polisi au kwa simu za msaada.

Ya tatu ni kile kinachotoka kwa mtoto mwenyewe: picha yake, mahali anapokaa, jina la shule yake, nambari ya siri ya pesa za mama yake. Kilichotoka hakirudi. Waweza kukifuta katika simu yako, huwezi kukifuta katika simu ya aliyekwisha kukihifadhi.

Ulinzi wa kwanza ni sikio la mzazi

Basi tuanze wapi? Someni Surat Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alipokuwa mtoto aliona ndoto iliyomshangaza, na wa kwanza kumwendea alikuwa baba yake. Nabii Yaakub (A.S.) hakumcheka wala hakumfukuza, alimwita kwa neno la mapenzi, akamsikiliza, kisha akamwonya asiwaeleze ndugu zake wasije wakamfanyia vitimbi. Zingatieni mambo mawili hapo. Mtoto alikuja kwa sababu alizoea kusikilizwa. Na hatari ambayo baba aliionya ilikuwa ya watu wa ndani, si ya wageni.

Zingatieni tena Hadithi aliyoipokea Imam Ahmad kutoka kwa Abu Umama, ya kijana aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) akamwomba ruhusa ya kuzini. Masahaba walimkemea. Mtume (S.A.W.) akamsogeza karibu, akamkalisha, akamwuliza kama angeliridhia hayo kwa mama yake, na kwa binti yake, na kwa dada yake, mpaka kijana mwenyewe akalichukia jambo lile, kisha akamwekea mkono wake akamwombea dua. Ikiwa aliyeomba ruhusa ya dhambi kubwa alisogezwa karibu, je, mtoto aliyekuja kulalamika kuwa amedhulumiwa? Nami niliyekuwa nikiisomesha Hadithi hii miaka mingi, siku ilipohitajiwa sikuitumia.

Kwa hiyo, mwambieni mtoto leo, kabla ya shari kumfika: "Ukiona jambo lolote katika simu la kukutisha au kukutia haya, njoo kwangu. Sitakupiga, wala sitakuaibisha." Kisha timizeni. Katika Sunan Abi Daud imo Hadithi ya mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Akamwambia kuwa lau asingelimpa kitu, angeliandikiwa uongo. Mzazi anayeahidi upole kisha akapiga amesema uongo, na mtoto hatakuja mara ya pili.

Mambo ya kufanya nyumbani

Neno la kwanza ni mahali. Mtoto mdogo atumie simu ukumbini, pale watu wanapopita, si chumbani na mlango umefungwa. Baada ya Sala ya Isha simu zote za watoto zirudi kwa wazazi, zitiwe chaji chumbani mwa mama au baba. Sharti hili halina gharama yoyote, na hufunga mlango wa usiku, saa ambazo mtoto yu peke yake na hakuna wa kumwuliza.

La pili ni umri. Wenye Facebook, Instagram na TikTok wameandika wenyewe katika masharti yao kwamba asiyetimiza miaka 13 asifungue ukurasa kwa jina lake. Nchi ya Australia iliona hata hiyo haitoshi, ikapitisha sheria mwaka wa 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16, nayo ikaanza kutumika Disemba 2025. Lakini kwetu utamwona mzazi anamwandikia mtoto wa miaka tisa kuwa ni wa miaka kumi na minane ili afunguliwe. Amemfunza uongo, kisha amemtoa katika vizuizi walivyowekewa watoto, akamtia katika soko la wakubwa.

La tatu ni kufuli. Google wametoa programu iitwayo Family Link, ya bure, ambayo kwayo mzazi huweka saa za kutumia simu na huidhinisha kila programu kabla ya kuingizwa. Iko YouTube Kids kwa watoto wadogo. TikTok nayo ina njia ya kuunganisha ukurasa wa mzazi na wa mtoto aliyefikia umri. Asiyejua amwombe kijana mwaminifu wa jamaa yake amfundishe. Nambari ya siri ya simu isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, na ya M-Pesa asiambiwe kabisa. Lakini jueni kuwa kufuli hupunguza hatari, haiimalizi. Kwa hiyo sikio la mzazi nimelitanguliza.

La nne ni kuangalia kwa uwazi. Wengine wameuliza kama kutazama simu ya mtoto si ule upelelezi uliokatazwa katika Surat Hujurat, aya ya 12. Jawabu ni kwamba mtoto mdogo yu chini ya uangalizi wako, na kumwangalia ni wajibu, ila mwambie. Mwambie, "Simu hii nitaitazama, kwa kuwa nimeulizwa juu yako." Ukimnyemelea kwa siri atajifunza siri, na siri ndiyo silaha ya adui yake.

La tano ni kumfunza alama ya mtu mbaya. Hata mtoto wa miaka mitano hufahamu maneno haya: mtu yeyote, awe jamaa au mgeni au mwalimu, akikwambia "Usimwambie mama," basi hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Na yeyote akitaka picha ya mwili wako, jibu ni la, hata akiwa rafiki.

La sita, tuache haya isiyo na mahali pake. Wazazi husema, "Vipi nizungumze na mtoto mambo ya mwili?" Kila mtoto anayesoma Safina chuoni hufundishwa istinja na tahara na josho, na hutajiwa viungo bila ya mtu kuona aibu. Hapo hapo, katika mlango wa tahara, mwambieni kuwa viungo hivyo ni amana, havionwi wala havipigwi picha na mtu.

La saba ni sisi wenyewe. Baba asemaye na mwanawe hali macho yake yamo katika simu amemfunza kuwa simu ni bora kuliko mtu. Na picha za watoto wetu siku ya mahafali ya madrasa, pamoja na majina yao na jina la chuo, tusizitangaze kwa wasiohusika. Furaha yetu haipungui kwa kuonwa na wachache.

Shari ikiwa imekwisha tokea

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea zaidi, kwa kuchelea aibu.

Kwanza, mwambieni mtoto kuwa kosa si lake. Aliyedanganywa ni aliyedhulumiwa, hata ikiwa mkono uliotuma picha ni wake. Pili, msimlipe mwenye kutisha hata senti moja, kwani akilipwa leo ataomba kesho. Tatu, msifute maneno yake wala nambari yake kabla ya ushahidi kuhifadhiwa. Acheni kumjibu, mzuieni, na simu yenyewe ipelekeni kwa polisi. Nne, wala msiirushe picha ya mtoto kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, ya mwaka wa 2018, imefanya kuwa jinai kuzitengeneza picha za uchafu za watoto, kuzisambaza, na hata kukaa nazo. Na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 imetaja madhara ya njia ya mtandao waziwazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka wa 2015. Tano, iko nambari 116 ya kuwasaidia watoto, Kenya na Tanzania pia, hupigwa bila ya malipo. Mtoto mwenyewe aijue nambari hiyo kwa moyo kama ajuavyo Alhamdu.

Iko hoja inayotolewa vikaoni: "Muislamu humsitiri Muislamu mwenzake, basi tuyamalize nyumbani." Husemwa hasa mkosaji akiwa ni ami au jirani au mwenye kilemba. Ndugu zangu, sitara ni haki ya mtoto aliyedhulumiwa: jina lake lisitajwe, habari yake isizungumzwe barazani. Dhalimu anayerudia dhulma yake hana sitara hiyo. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na akafasiri kuwa kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhulma yake, ameipokea Bukhari. Anayemficha leo ataulizwa juu ya mtoto wa pili, na wa tatu.

Na sisi walimu wa vyuo tujisimamie kabla ya kuwasimamia watu. Hapa Chekalini tumekubaliana kwamba mwalimu hamwandikii mwanafunzi peke yake kwa simu. Kila tangazo huenda kwa wazazi. Mtoto mwenye shida ana mtu wawili wa kuwaendea, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na anayemwendea mmojawapo hakaripiwi, hata akiwa amekosa. Makosa yake hutazamwa baadaye, shari ikisha ondoka.

Yule msichana amerudi chuoni. Bibi yake alifuatana naye kwa polisi, wala hakumwacha aingie peke yake. Siku aliyorudi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Sasa amesogea safu ya mbele na anaendelea na juzuu yake. Nimewaeleza haya kwa idhini ya wazee wake, ili mtoto mwingine asikae na khofu siku nyingi akitafuta mtu mkubwa asiyemwogopa, akamkosa. Usiku wa leo, kabla hamjafunga milango yenu, mwiteni kila mtoto mumwulize: "Je, kuna mtu amekwambia usiniambie jambo?" Kisha nyamazeni, msikilize.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu macho yao na ndimi zao na nyoyo zao. Tupe sisi wazazi na walimu wao upole wa Mitume Wako, na usitufanye sisi kuwa sababu ya wao kukimbilia kwa adui. Msamehe aliyekosa kwa kughafilika, na umponye kila mtoto aliyejeruhiwa. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.